Mgeni wa Dirisha la Tatu

Siku ya kwanza tarishi kumwona yule mama, alikuwa amekumbatia majalada kumi na tisa, kidevu kimebana lile la juu lisianguke, na mama amesimama katikati ya mlango, haingii hatoki. Ilikuwa Jumatatu, na Jumatatu katika ofisi ya vitambulisho watu hujaa mpaka kwenye ngazi za nje. Mama alikuwa mfupi, mpana wa mabega, amevaa gauni la buluu lililofuliwa mpaka buluu yenyewe imebaki kwenye mishono tu. Alinukia sabuni. Ngozi ya vidole vyake ilikuwa imejikunja kama ya mtu aliyetoka majini sasa hivi, na kweli ndiko alikotoka, maana alikuwa dobi wa hospitali kuu na ameomba ruhusa ya saa mbili tu.

"Samahani, mdogo wangu," alisema. "Mimi mgeni hapa. Sijui naanzia wapi."

Maana yake ilikuwa wazi kwa kila mwenye masikio: hajawahi kufika katika ofisi ile.

Tarishi alikuwa mtu wa haya. Alisoma mpaka darasa la saba, akaingia ofisini hapo kama mfagiaji, baadaye akapewa kazi ya kubeba majalada kutoka masjala, chumba cha chini yanakotunzwa, mpaka kwa wakubwa juu. Ngazi thelathini na mbili kwenda, thelathini na mbili kurudi. Wenzake walimwita Bubu. Siku nzima angeweza kuimaliza kwa "ndiyo", "tayari" na "halijaonekana". Kwa kawaida angemwonyesha mama dirisha kwa kidevu akaenda zake, lakini kidevu kilikuwa kazini. Ikabidi afungue mdomo.

"Karani," alisema mbele ya dirisha la tatu, "huyu mama mgeni. Msaidie."

Kwa Bubu hiyo ilikuwa hotuba.

Karani hakuinua kichwa. Mbele yake palikuwa na fomu za namna mbili, nyeupe za raia na za njano za wageni waliotoka nchi nyingine. Mkono wake ulikwenda kwenye za njano. Bubu aliuona mkono ule kwa pembe ya jicho, akiwa ameshageukia ngazi, na hakuuwazia lolote.

"Unatoka wapi?" alisikia karani akiuliza nyuma yake.

"Natoka hospitalini."

"Haya. Weka kidole hapa, bibi. Na hapa. Njoo mwezi ujao."

Mama hakuwa msomaji. Aliweka kidole palipoonyeshwa, akashukuru, akarudi kwenye kazi yake.

Mwezi ujao ulizaa mwezi ujao mwingine. Kila Jumatatu ya kwanza ya mwezi mama alikuja na ruhusa yake ya saa mbili, na kila Jumatatu karani alimwambia jalada liko juu, au liko makao makuu, au aje kesho. Karani huyo ndivyo alivyoitwa na wenzake, Kesho, na mwenyewe aliitika bila kukasirika. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amechoka tu, na uchovu wake ulikuwa wa miaka mingi, umemkaa mgongoni kama koti.

Mama akazoea kungojea kwenye benchi la nje ya masjala, kwa kuwa pale kuna kivuli na ukuta wa kuegemea. Bubu alipita mbele yake na mizigo yake, mara sita, mara nane. Siku moja akajikaza, akamwambia, "Mama, karibu maji."

"Mama yako? Nilikuzaa lini?" alimjibu. "Nimekupita miaka kumi, labda kumi na mbili. Niite dada. Na hayo maji lete."

Basi ikawa dada. Lakini ofisi nzima ilimwita Bi Mashuka, na jina hilo alijitafutia mwenyewe. Asubuhi moja msichana wa mapokezi alimuuliza kwa ukali, "Kwani wewe nani?" Naye akasimama akageuka huku na huku ili asikike madirisha yote.

"Mimi nani? Nusu yenu humu mmezaliwa juu ya mashuka yangu. Mimi ndiye niliyewafua kabla hamjapata majina. Leo mnaniuliza mimi nani!"

Watu walicheka mpaka Kesho akainua kichwa.

Kidogo kidogo, benchini pale, Bubu aliyajua maisha yake, maana yeye alikuwa msikilizaji na Bi Mashuka alikuwa na la kusema. Alizaliwa katika hospitali ile ile anayofulia. Daftari la waliozaliwa mwaka ule lilinyeshewa likaoza, kwa hiyo cheti hana, kama wengi wa rika lake. Mumewe, dereva wa gari la wagonjwa, alikwishafariki. Alikuwa na binti mmoja, mwalimu katika mji mwingine. Kazi ya udobi aliianza kama kibarua, na kibarua akabaki, miaka ishirini na nne. Alimweleza Bubu kwamba shuka lenye damu haliingizwi maji ya moto. Ukilipiga maji ya moto damu inaganda kwenye uzi, haitoki tena mpaka shuka lichanike. Linalowekwa maji baridi kwanza, linaachwa, ndipo linachemshwa.

"Wapya wote wanakosea hapo," alisema. "Wana haraka."

Mwaka wa sita dari ya masjala ilianza kuvuja. Mkuu wa ofisi akaagiza majalada yote yahamishwe upande wa pili wa chumba, na Bubu aliyahamisha peke yake kwa siku nne. Siku ya tatu, kwenye rafu ya wageni, jalada moja lilifunguka mikononi mwake, na Bi Mashuka akamtazama kutoka kwenye picha, amekaza macho kama mtu anayesubiri kuitwa.

Bubu alisoma polepole, kama alivyosoma kila kitu. Palikuwa pameandikwa: Uraia, mgeni. Na chini yake, kwa mwandiko ule ule wa kulala: Nchi anayotoka, Hospitali.

Alikaa juu ya ndoo iliyokuwa ikikinga matone. Aliisikia sauti yake mwenyewe, wazi kama jana: huyu mama mgeni. Yeye alisema ugeni wa ofisini, na karani akasikia ugeni wa nchi, na miaka sita jalada limelala mahali ambapo hakuna mtu atakayelitafuta, huku mwenye jalada akija kila mwezi kuuliza kama liko tayari.

Angesema siku hiyo hiyo, pengine mambo yangekuwa mepesi. Hakusema. Alijiambia si kazi ya tarishi kusoma majalada, na kweli haikuwa. Alijiambia atasubiri Mkuu awe na nafasi. Miezi mitatu ilipita hivyo, na kila Jumatatu ya kwanza alipita mbele ya benchi akiwa na mizigo mikubwa kuliko kawaida, kidevu juu ya jalada, ili apate kisingizio cha kutoongea.

Ndipo hospitali ikabandika tangazo. Vibarua wote walete vitambulisho vya uraia kabla mwaka haujaisha. Asiye nacho ataondolewa.

Bi Mashuka alifika dirisha la tatu asubuhi na mapema, na safari hii alikataa kesho. Alisema atasimama pale mpaka kiama. Kesho alipoona watu nyuma ya mama wameanza kupiga kelele, akamtuma Bubu akalilete jalada. Bubu alijua rafu, alijua hata mahali pake kwenye rafu. Alilileta, akaliweka mezani, akasogea ukutani.

Kesho alilifungua, akasoma, akakuna kichwa. "Bibi, hapa unasomeka mgeni."

"Mgeni wa nani?"

"Wa nchi. Si raia."

"Wa nchi gani?"

Kesho alitazama tena karatasi. Aliona aibu kuisoma kwa sauti.

"Nakuuliza, wa nchi gani? Nipajue na mimi, huenda nina ndugu huko."

Watu waliokuwa kwenye foleni walicheka, halafu wakaacha, kwa sababu sauti ya mama ilikuwa imebadilika. Kelele zilipozidi Mkuu alishuka mwenyewe. Alikuwa mtu mpole, mwenye shati la mikono mirefu lililopigwa pasi vizuri, na alimkaribisha Bi Mashuka kwenye kiti cha ndani, jambo ambalo hakuwafanyia wengi. Alilisoma jalada lote, akalifunga.

"Mama yangu, kufuta alichoandika karani, ukakiwekea na kidole chako, si kazi nyepesi," alisema. "Lakini kuna njia fupi. Mgeni aliyeishi hapa muda mrefu anaweza kuandikishwa uraia. Wewe tena una bahati, wengi hawana miaka uliyokaa wewe."

"Nimekaa tangu tumboni."

"Ndiyo. Basi unasaini fomu hii. Wiki sita tu. Unapata kitambulisho, unarudi kwenye kazi yako, yanaisha."

"Na hicho kitambulisho kitasomeka nini?"

"Raia wa kuandikishwa."

"Chako kinasomeka nini?"

"Wa kuzaliwa."

"Basi na mimi nataka kama chako."

"Tofauti ni neno moja tu, mama."

"Kama ni neno moja tu, mbona hulifuti?"

Mkuu hakukasirika. Alitoa miwani akaifuta, ingawa haikuwa na kitu. Bi Mashuka aliendelea, sasa kwa sauti ya chini, kama mtu anayemweleza mtoto. "Nikiweka kidole kwamba nilikuja, binti yangu naye amezaliwa na mtu aliyekuja. Yeye ameajiriwa kama mtoto wa raia. Siku moja mtamwita naye, mumuulize mama yako katoka wapi. Mimi kazi nitaitafuta nyingine. Hilo siliwekei kidole."

Alitoka akaenda kwenye benchi lake. Hakulia. Alikaa amefumba macho, mikono juu ya mapaja, viganja juu, kama nguo mbili zilizoanikwa.

Bubu alikuja akasimama mbele yake bila jalada hata moja. Mikono yake haikujua pa kukaa.

"Dada," alisema. "Ile siku ya kwanza. Ni mimi niliyemwambia karani wewe mgeni."

Alifumbua macho. "Wewe?"

"Ulisema mimi mgeni hapa. Nikasema kama ulivyosema."

Bi Mashuka alimtazama, na Bubu alitamani dari ianze kuvuja pale pale.

"Ina maana mwaka mzima mdomo haufunguki," alisema mama, "na siku ukifunguka unanitoa nchini."

"Nisamehe."

"Umelijua lini hili la jalada?"

Hapo ndipo palipokuwa pagumu. "Miezi mitatu."

Bi Mashuka aliinuka, akajifunga kitambaa cha kichwa upya, akashika njia. Alipofika kwenye ngazi za nje akageuka. "Basi mdomo huo ufungue tena," alisema. "Ulivyofunga, ufungue."

Nyumbani, mke wa Bubu alikuwa fundi wa kushona, na cherehani yake ilikaa mlangoni ili apate mwanga. Alisikiliza habari yote akiendelea kupinda pindo la sketi ya shule, pini mdomoni.

"Utamwambiaje Mkuu?" aliuliza.

"Nitamwambia ilivyokuwa."

"Niambie mimi kwanza. Mimi ndiye Mkuu."

"Mkuu gani amejaza pini mdomoni?"

"Jibu lako hilo ukimpa Mkuu utafukuzwa leo leo. Anza."

Bubu alianza, akakwama. Akaanza tena. Mara ya tatu mkewe alisimamisha cherehani. "Usiseme samahani kwanza," alimwambia. "Ukianza na samahani hasikii kinachofuata. Anza na siku yenyewe."

"Nikifukuzwa?"

Mkewe alitoa pini mdomoni, moja moja, akazichomeka kwenye kitambaa. Wote wawili walijua jibu.

Asubuhi alipanda zile ngazi mikono mitupu, na zilionekana nyingi zaidi. Alianza na siku yenyewe. Mkuu alimsikiliza mpaka mwisho, huku akigongagonga kalamu mezani.

"Una hakika?"

"Nina hakika."

"Miaka sita iliyopita. Wewe hujui hata jana ulibeba majalada mangapi."

"Jana thelathini na moja," alisema Bubu.

Mkuu alitabasamu kwa mara ya kwanza. "Haya, liandike. Uweke sahihi."

Bubu aliandika muda wote wa chakula cha mchana, juu ya meza ya masjala, kwa herufi alizofundishwa shuleni, zilizonyooka kama fito za ua. Alichana karatasi mbili. Ya tatu ilisema: Mimi ndiye niliyesema huyu mama mgeni. Nilikuwa na maana ya ugeni wa ofisini, si ugeni wa nchi. Yeye mwenyewe alisema hivyo hivyo. Karani alisikia vingine. Mama huyu ni wa hapa.

Mkuu aliisoma, akairudisha mezani taratibu. "Umeandika vizuri. Tatizo ni kwamba kanuni inataka ithibitishwe na mtu mwenye wadhifa. Daktari, mwalimu mkuu, afisa wa serikali. Wewe ni tarishi."

"Mimi ni raia."

Neno lilimtoka kabla hajalipima. Mkuu alimtazama kama mtu aliyesikia kiti kikiongea.

"Kwani nimesema si raia? Raia ni raia. Nasema si mtu wa kuthibitisha."

Bubu alishuka na karatasi yake mfukoni. Kwenye ngazi ya ishirini alisimama, akashika ukuta. Miaka yote aliyobeba majalada ya watu alijiona ndani ya nchi kama samani ilivyo ndani ya nyumba, haiulizwi inatoka wapi. Sasa aliona kwamba na yeye ana rafu yake. Haikuwa ya njano, lakini ilikuwa chini.

Alianza kutafuta wadhifa wa kuazima. Mwalimu mkuu wa shule ya jirani alisema anamfahamu sana Bi Mashuka, ni mtu mwema, ila kufahamu ni jambo moja na kusaini ni jambo lingine. Akamwambia arudi. Alirudi mara tatu. Hospitalini alimngoja daktari mkuu kwenye korido kutwa nzima, akisimama kila mlango unapofunguka. Daktari aliuliza jina kamili la mama, Bubu akalitaja, daktari akatikisa kichwa.

"Simjui mtu huyo."

"Ni yule anayefua makoti yako, daktari."

"Ah, makoti yangu yanafuliwa vizuri sana," alisema daktari, na kwa kweli alisema kwa nia njema, kisha akaingia wodini.

Mwaka ukaisha. Bi Mashuka aliondolewa pamoja na vibarua wengine wanne ambao walikuwa wageni kweli, na alisema baadaye kwamba wale wanne walimpa pole ya ugeni, wakamwelekeza ofisi ya kusaidia wageni ilipo. Alilisimulia kama kichekesho. Bubu alijaribu kucheka akashindwa. Mama alianza kufua majumbani, nyumba hii Jumanne, ile Alhamisi, akiinama kwenye mabeseni ya chini ambayo mgongo wake haukuyazoea. Lakini Jumatatu ya kwanza ya mwezi aliiacha wazi. Alikaa benchini, Bubu akampa maji. Mama hakumwambia tena habari ya kufungua mdomo. Alikuwa ameona visigino vya viatu vya Bubu vilivyolika kwa kuzunguka na ile karatasi.

Ni Kesho aliyeleta wazo la mkato. Alimvuta Bubu kando ya kabati. "Wewe si ndiye unayebeba? Majalada yanapotea kila siku. Hili likipotea, mama anakuja kama mpya, tunampa fomu nyeupe, kwisha habari."

Bubu alilipeleka benchini neno hilo, kwa kunong'ona. Bi Mashuka alilifikiria, alilifikiria hasa, maana siku hiyo mgongo ulikuwa unamuuma vibaya.

"Hapana," alisema. "Miaka yangu saba imo mle. Sitaki kupotea ili nionekane. Na wewe likikukuta utasema nini, na mdomo wako huo?"

Kesho alipoambiwa jibu aliinua mabega. Lakini tangu siku hiyo alianza kuinua kichwa Bi Mashuka alipopita, na kichwa kile kilionekana kizito.

Mwezi wa nane Kesho alistaafu. Walimfanyia kasherehe ka soda na biskuti kwenye ukumbi wa madirisha, Mkuu akasema maneno mazuri, wakapiga makofi. Saa kumi kasoro, watu wakikusanya glasi, alishuka masjala akiwa amebeba kasha lenye vitu vyake, kikombe na saa ya ukutani.

"Lete ile karatasi yako," alimwambia Bubu.

Bubu aliitoa mfukoni. Ilikuwa imekunjwa na kukunjuliwa mpaka ikawa laini kama kitambaa. Kesho aliilaza juu ya kasha, akaandika chini yake: Ni kweli. Nilichukua fomu ya njano bila kuinua kichwa wala kuuliza tena. Akatia sahihi, akaandika cheo chake kwa ukamilifu, afisa usajili daraja la pili, na tarehe, na saa.

"Mpaka saa kumi kamili mimi ni afisa wa serikali," alisema. "Baada ya hapo ni babu wa watu. Kwa nini sikusaini mapema, usiniulize. Unajua mwenyewe. Wangenishika kabla ya kiinua mgongo."

"Sikuulizi," alisema Bubu.

Alipanda ngazi mbili mbili, mtu wa miaka hamsini kasoro, akamkuta Mkuu akifunga dirisha. Mkuu aliitazama saa ya mkononi, akaitazama karatasi. Zilibaki dakika nne. Akagonga mhuri bila kukaa, na Bubu aliona kwamba hata yeye alionekana kama mtu aliyetua mzigo.

Kitambulisho kilitoka baada ya miezi mitano. Bubu ndiye aliyekileta dirishani kwenye trei pamoja na vingine arobaini, na karani mpya, binti mwenye haraka, akasoma jina. Bi Mashuka alikuja akakipokea, akakishika mbali na macho, kisha akampa Bubu.

"Nisomee."

"Raia," alisoma Bubu. "Wa kuzaliwa."

"Soma tena."

Alisoma tena. Mama alikitia kwenye kitambaa, akakifunga mafundo mawili. Hakushangilia. Alikaa benchini kwa muda, kama mtu aliyefika mahali akakuta shughuli imekwisha na viti vimepangwa. Hospitalini alikokwenda kesho yake walimwambia siku hizi kuna mashine mbili za kufulia na wasichana wawili wa kuzibonyeza, lakini aandike barua ya maombi, atafikiriwa kama mwombaji yeyote mpya. Alikuwa na miaka sitini na moja.

"Mashuka yenyewe nimeyaona kwenye kamba," alimwambia Bubu. "Yana madoa ya hudhurungi. Wanaanza na maji ya moto."

Hakuja tena ofisini, maana hakuwa na haja ya kuja. Bubu alimkuta siku ya kupiga kura tu. Kituo kilikuwa kwenye uwanja wa shule, na foleni ilizunguka darasa la kwanza mpaka darasa la saba ikarudi. Bi Mashuka alikuwa mbele yake kwa watu wawili, na wale wawili walipoona wanasalimiana wakampisha Bubu asogee. Mama alikuwa amevaa gauni jipya. Lile fundo la kitambaa alikuwa amelishika mkononi tangu asubuhi. Ilikuwa mara yake ya kwanza kupiga kura.

Jua lilipanda. Saa mbili zilipita wakasogea kama urefu wa darasa moja. Ndipo gari likasimama getini, Mkuu akashuka, na msimamizi wa foleni akamkimbilia: "Mkuu, pita huku, pita huku." Mkuu aliitazama foleni, akasitasita, akamwona Bubu, akamwona na mama, akainamisha kichwa kidogo. Kisha akapita huku alikoonyeshwa. Hakuna aliyenung'unika. Watu waligeuza nyuso pembeni, kama wanavyogeuza siku zote.

"Anawahi nini?" Bi Mashuka aliuliza kwa sauti yake ya dirishani. "Hata akipita juu ya paa, kura yake ni moja tu."

Foleni nzima ikaangua kicheko, na Bubu akacheka nayo, kwa sauti, mpaka mtu wa mbele akageuka kumtazama. Kicheko kilipokwisha jua lilikuwa pale pale na mlango ulikuwa mbali vile vile.

Mwezi uliofuata binti yake alikuja kumchukua, akaishi naye kule anakofundisha, na mwaka haukwisha habari ikaja kwamba amefariki. Bubu hakumwona tena baada ya siku ile ya foleni. Siku hiyo mama alipiga kura yake, akatoka kwa mlango wa nyuma wanakotokea wote, na Bubu alipomaliza yake akamkuta ameshakwenda. Hawakuagana. Neno la mwisho alilomwambia alilisema kabla hawajaingia, zikiwa zimebaki kama hatua thelathini kufika mlangoni. Aliweka mkono kiunoni, akatafuta kwa macho mahali pa kukaa, akaona tofali chini ya ukuta, akamgusa Bubu begani.

"Nishikie nafasi yangu, mdogo wangu. Nikae kidogo."